Pesa ya Serikali Ilipita kwa Mwenye Shamba
(Mazungumzo kwenye mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za pesa ambazo serikali huwapa wakulima. Tumechagua wilaya moja ya Marekani, Poinsett, katika jimbo la Arkansas, kwa sababu huko pesa hizo zilizaa chama cha wafanya kazi.

Wilaya ile ilikuwa ya pamba. Mwaka 1932 bei ilikuwa imeanguka hata karibu senti 6 kwa ratili. Mwezi wa Mei 1933 serikali ya Rais Roosevelt ilitoa sheria kwamba mkulima akipunguza pamba yake atalipwa. Mwaka ule eka kama milioni 10 za pamba iliyokwisha ota zilipigwa plau zikafukiwa. Na tuseme kweli, bei ilipanda.

Lakini mkulima ni nani? Waliolima walikuwa wapangaji, weusi kwa weupe, na kodi yao ilikuwa nusu ya mavuno. Mkataba wa 1934 ulitiwa sahihi na mwenye shamba. Katika kila senti 4 na nusu iliyolipwa kwa ratili, yeye alipata senti 4, na mpangaji wa nusu kwa nusu alipata nusu senti. Hata hiyo nusu senti ilipitia mkononi mwa tajiri, naye mara nyingi alikuwa na daftari la madeni ya duka la shamba. Ndugu, daftari la namna hiyo mnalijua.

Tena, eka zikipungua, mikono inayotakiwa hupungua. Mkataba ulisema hesabu ya wapangaji isipunguzwe, ila ukaongeza: kadiri iwezekanavyo. Matajiri walipitia hapo, na jamaa nyingi zikafukuzwa nyumbani.

Mwezi wa Julai 1934, karibu na mji wa Tyronza, watu 18 walikutana, weupe 11 na weusi 7. Shauri kubwa lilikuwa hili: chama kimoja au viwili? Haikusahauliwa kwamba mwaka 1919, huko Elaine katika jimbo lile lile, chama cha wakulima weusi peke yao kilivunjwa kwa bunduki. Wakakata shauri kuwa kimoja. Walipigwa, walifungwa, lakini mwaka 1935 waligoma kuchuma. Walidai dola 1 kwa ratili 100, na mahali pengi wakapata senti 75.

Sheria za baadaye ziliongeza fungu la mpangaji. Basi matajiri wengine wakaona ni nafuu kumgeuza mpangaji awe kibarua wa siku, kwa maana kibarua hana fungu, na pesa ya serikali ikasaidia kununua trekta.

Hapa Kenya, mwaka 2023, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 3,500 hata 2,500 kwa wakulima walioandikishwa. Ni jambo jema, sisi hatulipingi. Lakini wengi wetu hapa tuna shamba la kukodi kule nyumbani, mke au ndugu ndiye anayelima. Je, jina lililoandikishwa ni la nani? Tunaomba kila mwanachama aulize nyumbani, alete jibu kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, ili Kamati ijue ni wangapi wanaolima wakati mwingine ndiye anayechukua mfuko.