Mazungumzo kwa Wafugaji wa Raskazone: Uvimbe Ambao Ndama Huzaliwa Nao

Ndama mwenye homa na tezi zilizovimba chini ya masikio hudhaniwa kuwa ana ndigana kali iletwayo na kupe, na katika mwambao huu wa Tanga dhana hiyo mara nyingi ni sahihi. Wako hata hivyo ndama, wachache mno, wazaliwao na uvimbe uliomea tangu tumboni mwa mama. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari huwa: ulionekana lini? Jipu huwa na joto; ngiri ya kitovu ikibonyezwa aghalabu hurudi ndani. Mfugaji asipasue uvimbe wa kitovu kwa wembe, kwani utumbo huweza kutoka. Uhakika hupatikana kwa kipande cha nyama kilichohifadhiwa katika formalini ya asilimia 10 na kutazamwa kwa hadubini. Ndama akifa, Afisa Mifugo aarifiwe kabla ya mzoga kuzikwa.