Shaba inayokumbuka umbo lake: mazungumzo na vijana wa Musumba

Hapa Musumba, leo tuzungumze juu ya vyombo vya anga za juu. Najua kuna mmoja atasema: "Barabara ya Kolwezi mbovu, umeme hakuna, na wewe unatuletea mambo ya mbinguni?" Swali ni zuri. Nitalijibu, lakini tuanze na kazi yenyewe.

Roketi ina pua ndogo. Kila kinachopanda lazima kiingie mule ndani, na kila kilo inakula franga nyingi. Njo maana mainjinia wanatengeneza vitu vyepesi vinavyokunjwa kama turubai, vikifika juu vinafunguka. Tarehe 21 Mei 2010 Wajapani walirusha chombo kinachoitwa IKAROS. Kilibeba tanga la mraba, mita 20 toka kona moja mpaka kona ya kuelekeana, na unene wa mikrometa 7.5. Unywele wa mtu ni mnene karibu mara kumi! Tanga hilo halikuwa na fito. Chombo kilijizungusha, vizito vidogo kwenye kona vikalivuta likafunguka, kisha mwanga wa jua tu ukalisukuma. Mwaka 2024 NASA ya Marekani nayo ilirusha tanga la mita za mraba karibu 80, lenye fito za nyuzi za kaboni zinazoviringwa kama mita ya fundi mwashi.

Sasa, nani anavuta na kufungua vitu hivi kule juu? Mota ya kawaida ina gia, ina uzito, na mafuta yake yanaharibika pasipo na hewa. Kwa hiyo mainjinia wengine wanatumia metali inayokumbuka umbo. Unaikunja ikiwa baridi, inabaki vile. Ukiipasha moto, inarudia umbo lake la kwanza, tena kwa nguvu. Waya mmoja tu: umeme ukipita unapata joto, unafupika, unavuta. Mwaka 1997, kule Mars, kigari Sojourner kilikuwa na waya wa namna hiyo. Ulisogeza kifuniko kidogo cha kioo ili wapime vumbi linaloziba paneli za jua.

Metali inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni nikeli na titani. Lakini sikilizeni vizuri: kuna zingine zinazotengenezwa kwa shaba, zinki na alumini, ao shaba, alumini na nikeli. Ni za bei nafuu, na zingine zinavumilia joto kali zaidi. Ubaya wake, zinavunjika upesi, na kazi ya kuzirekebisha haijaisha. Kobalti nayo iko: inachanganywa na samari kutengeneza sumaku za mota zinazovumilia joto la anga. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia.

Njo jibu la lile swali. Mambo haya ya mbinguni yanatoka chini ya miguu yetu. Sisi tunapakia mawe kwenye lori, wengine wanapata metali yenye akili.

Na msiseme ni kazi ya wazungu tu. Karne nyingi kabla ya mkoloni, mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba wakatengeneza misalaba, ikatumika kama pesa. Hata Musumba yenyewe: zamani, kila Mwant Yav mpya alijenga mji wake upya, mahali pengine. Kujenga kitu chepesi, kinachohama, chenye mpango, mababu walikujua.

Anga ilishakuja Katanga mara moja. Kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, ilipewa na Mobutu eneo la karibu kilomita za mraba 100,000, kaskazini mwa Shaba ya wakati ule. Ilirusha roketi mwaka 1977 na 1978, na mwaka 1979 mkataba ukakatwa. Sisi tulitoa ardhi, wao walikuja na ujuzi wao. Ujuzi ukarudi kwao.

Hatutaki hivyo tena. Sheria ya madini ya 2018 inagawa redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Migodi mikubwa iko upande wa Kolwezi, kwa hiyo ile 15 haifiki Kapanga. Lakini ile 25 ni ya Lualaba yote, nasi ni Lualaba.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, jimbo litangaze kila mwaka limepokea ngapi na limefanyia nini, karatasi ibandikwe pa watu kuisoma. Pili, sehemu ya pesa hiyo ijenge maabara ya metali yenye tanuru na mashine za kupima, na karakana kwenye shule za ufundi. Tatu, nafasi za masomo zigawiwe kwa maeneo yote, si kwa watoto wa mjini peke yao, na wasichana wahesabiwe.

Barabara tunaidai pia, na umeme pia. Hakuna anayetulazimisha kuchagua kimoja. Lakini barabara bila ujuzi itapitisha paka malori ya mawe.

Kuanzia wiki hii, tuanze na lile dai la kwanza. Twende kwa amani, na barua mkononi, tuombe hesabu. Wakikataa, turudi tena. Shaba ikipata moto inakumbuka umbo lake. Raia naye akumbuke haki yake.