Lawama Hazisafishi Mto: Kila Mkaazi Ana Sehemu Yake
Hotuba kwa mabaraza ya wakaazi wa Voi kuhusu usafi wa mazingira



Mto Voi huanzia Milima ya Taita, hushuka hadi mjini Voi, kisha huingia Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki na kuelekea bwawa la Aruba. Miezi mingi ya mwaka, sehemu yake ya chini ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha milimani, maji huja kwa kishindo na kubeba kila kilichoachwa njiani: udongo wa shamba lisilo na matuta, chupa za plastiki, nepi zilizotumika na mabaki ya sokoni.

Maji hayo yakifurika, lawama nazo hufurika. Mkaazi wa mjini humlaumu mkulima wa milimani kwa kukata miti. Mkulima humlaumu mchoma makaa wa nyanda za chini kwa kuifukuza mvua. Mwenye duka huwalaumu abiria wa mabasi ya Mombasa na Nairobi wanaotupa chupa dirishani. Abiria naye husema hakuona pipa. Kisha wote kwa pamoja huilaumu serikali ya kaunti.

Kila mmoja ana ukweli wake. Chupa hutupwa na miti hukatwa. Serikali ya kaunti nayo haina pa kujificha: Jedwali la Nne la Katiba limeipa kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Gari la taka lisipofika, mkaazi ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikikiukwa.

Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 69, inasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na asasi za Serikali na watu wengine ili kulinda mazingira. Haikusema mtu angoje jirani yake aanze.

Chukueni mfano wa mtaro mmoja wa mjini. Mwenye kibanda cha chakula humwaga humo maji ya kuoshea sufuria, pamoja na maganda ya viazi. Mtoto aliyetumwa dukani huangusha karatasi ya biskuti. Mpangaji hufagia ua na kusukuma taka mtaroni kwa kuwa jirani naye hufanya vivyo hivyo. Kila mmoja ametupa kidogo, na kila mmoja anaamini kilichoziba mtaro ni cha mwenzake.

Mvua kubwa ikija, maji hayaulizi nani alitupa nini. Huingia nyumba ya kwanza iliyo bondeni. Mwenye nyumba hiyo ndiye anayeamka usiku wa manane kuinua godoro na kumbeba mtoto, na huenda yeye hakutupa chochote. Maji yakituama, mbu huzaana. Yakichanganyika na ya vyoo, kipindupindu huwa karibu.

Hasara haiishii mjini. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za kitaifa, Tsavo ikiwemo. Mgeni hukaguliwa langoni. Chupa iliyotupwa mtoni Voi haipiti langoni. Huingia mbugani na maji. Vijana wengi wa kaunti hii hupata riziki kutokana na watalii wanaokuja kuona wanyama hao, si kuona takataka.

Kubadilika kunawezekana. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi walijiuliza nyanya na nyama zitabebwa na nini. Leo mama huenda sokoni na kikapu au mfuko wa kitambaa bila kuona ajabu. Sheria ilisukuma, lakini anayekumbuka kubeba kikapu ni mtu mwenyewe.

Tena jambo hili si geni kwa Wataita. Wazee walikuwa na fighi, vichaka vitakatifu ambamo watu walikatazwa kukata miti. Hapakuwa na askari wa misitu wala faini ya mahakama. Jamii yenyewe ndiyo iliyokuwa mlinzi.

Basi kila mmoja aanzie wapi? Nyumbani, taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022. Maganda ya ndizi na majani ya mboga yakitiwa shimoni huwa mbolea. Chuma na plastiki zina wanunuzi wake. Mwenye duka aweke pipa na azibue mtaro ulio mbele ya mlango wake kabla ya mvua za masika na za vuli. Mkulima atie matuta shambani na asilime hadi ukingoni mwa mto. Msafiri akae na chupa yake mpaka apate pipa.

Baada ya hapo, kila mmoja aidai serikali ya kaunti ifanye sehemu yake. Mtaa uliotenga na kukusanya taka zake pamoja una sauti kubwa zaidi unapouliza kwa nini gari halijafika. Afisa hawezi kuujibu kwamba wakaazi ndio wachafu.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mvua haziko mbali. Leo jioni, kila mkaazi akifika nyumbani, autazame mtaro ulio mbele ya mlango wake kabla ya kuutazama wa jirani. Ukiwa umeziba, kesho asubuhi achukue jembe na koleo, na amwite huyo jirani wazibue pamoja.