Zaburi Katika Nyumba ya Msiba
Mazungumzo kwa Wakristo na walimu, katika Jubilei ya Dayosisi ya Masasi



Siku hizi za jubilei tumeimba sana, na ni haki kuimba, maana Mungu ametutendea mema mengi. Lakini kila mwalimu awajuaye watu wake kwa majina ajua pia ya kuwa wako wasiokuja. Yuko mama aliyezika mtoto, na tangu siku ile nyimbo hazimwingii moyoni. Yuko mzee ambaye mikorosho yake ilishikwa na ubwiriunga, akavuna kidogo, deni likabaki, naye aona haya kuingia kanisani mkono mtupu. Yuko mgonjwa aliyeomba siku nyingi asipate kupona. Hawa hawakumkana Mungu. Wamenyamaza tu, na mtu akinyamaza siku nyingi, njia yake ya kanisani huota majani. Kwa ajili yao nataka kusema habari za Zaburi.

Mara nyingi sisi walimu huwaendea watu hawa na maneno mawili. La kwanza, "Usilie, ni mapenzi ya Mungu." La pili, "Rudi kanisani, utapata faraja." Maneno haya twayasema kwa nia njema, lakini yule mwenye taabu husikia kana kwamba twamwambia, Kaukisha machozi kwanza, ndipo uje. Naye akijiangalia huona machozi hayajakauka, basi hukaa nyumbani.

Sasa tazameni Zaburi zafanya nini. Ziko 150, na wataalamu waliozipanga kwa aina zake wameona ya kuwa zile za kulia na kulalamika ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Watu wa Mungu waliweka malalamiko ndani ya kitabu cha ibada, wakayaimba mbele ya madhabahu pamoja na sifa na shukrani. Kwao kulia mbele za Mungu kulikuwa ni sala. Mtu amwambiaye Mungu, "Umeniacha," bado asema na Mungu, hajamwacha.

Chukueni Zaburi ya 42. Mwenye kuisema yu mbali na nyumba ya Mungu, na machozi yamekuwa chakula chake. Akumbuka zamani alivyokwenda na mkutano wa watu kwenye sikukuu, na kumbukumbu hiyo yamwumiza. Ndipo aiuliza nafsi yake sababu ya kuinama, na kuiambia imtumaini Mungu. Asema hivyo mara mbili, na katika Zaburi ya 43 asema tena mara ya tatu, maana moyo wenye huzuni haukubali kwa kuambiwa mara moja. Mwalimu aliyemwonya mtu mara moja akachoka, na aisome Zaburi hii.

Tena iko Zaburi ya 88. Mwanzo wake yamwita Mungu mwokozi, lakini mwisho wake ni giza, wala hapana neno la furaha lililoongezwa ili kutupendeza. Wengine wangeitoa kitabuni, au wangeitafutia mwisho mwema. Kanisa halikufanya hivyo. Katika desturi ya zamani ya Kianglikana, Zaburi zote zagawanywa kwa siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni, na Zaburi ya 88 huangukia asubuhi ya siku ya 17. Huja siku hiyo hata kama kijiji kina arusi, hata kama mavuno ni mengi. Mwenye furaha asubuhi ile huisema kwa ajili ya jirani yake aliye gizani. Na aliye gizani husikia watu wote wakisema maneno yake, akajua ya kuwa mahali pake kanisani hapajachukuliwa na mtu.

Labda mtu atauliza, Je, kulia huku kwaweza kumrudisha mtu katika ibada? Na akumbuke Waisraeli. Zaidi ya miaka 580 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, Wababeli waliubomoa Yerusalemu, wakaichoma hekalu, wakawachukua watu mateka. Zaburi ya 137 yatueleza ya kuwa walikaa kando ya mito, wakatundika vinubi vyao, wakakataa kuimba nyimbo za Sayuni katika nchi ya kigeni. Lakini angalieni ajabu hii: habari ya kukataa kwao kuimba, nayo ikawa wimbo! Wasiyoweza kumpa Mungu walimwambia kwamba hawawezi kumpa, na neno hilo likapokewa. Tangu mwaka 538 kabla ya Kristo mateka walianza kurudi, hekalu likajengwa tena, na wimbo ule wa vinubi vilivyotundikwa ukawekwa pamoja na nyimbo za sifa.

Wala habari hizi si za mbali nasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakitoka Unguja. Walikuwa watu walionyang'anywa nyumba zao na jamaa zao, wakaanza upya chini ya milima hii. Steere huyo ndiye aliyefasiri Zaburi kwa Kiswahili, akafariki mwezi wa Agosti mwaka 1882. Mwezi uliofuata Wamagwangwara waliishambulia Masasi. Watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, kanisa likachomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Tena katika vita vya 1914 hata 1918 wamisionari Waingereza wakafungwa na Wadachi, na kundi likabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Ndipo mwaka 1926 Masasi ikafanywa dayosisi, na Vincent Lucas akawa Askofu wake wa kwanza.

Hesabuni basi: tangu 1876 hata 1926 ni miaka 50, na katika miaka hiyo ibada ilivurugwa mara tatu. Kila mara watu walirudi, na waliporudi walizikuta Zaburi zikiwangoja katika sala ya asubuhi na ya jioni, pamoja na zile za walioibiwa, na zile za wafungwa, na zile za watu ambao nyumba ya Mungu wao imeteketea. Jubilei yetu imejengwa juu ya watu hawa. Itakuwa vibaya tukifanya sherehe yao huku tukiona haya kwa machozi ya jirani zetu.

Naye Bwana Yesu mwenyewe, alipotundikwa msalabani, aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, ambayo ni kilio cha mtu aliyeachwa. Katika mgawanyo ule niliousema, Zaburi ya 22 na ya 23 husomwa pamoja jioni ya siku ya 4. Kilio cha aliyeachwa chatangulia, na Mchungaji afuata, katika jioni moja. Anayetaka kuifikia ya 23 na asiiruke ya 22.

Walimu wenzangu, nawaomba mambo matatu. Kwanza, nendeni kwa wale wasiokuja, mkaketi nao, wala msianze kwa kuuliza kwa nini hawaonekani. Pili, chukueni kitabu, mkasome pamoja nao Zaburi moja ya kulia. Zaburi ya 13 yafaa. Ni fupi, nayo yauliza mara nne taabu hii itadumu hata lini. Mwacheni mwenye msiba aiseme kwa kinywa chake, kwa sauti ndogo akipenda, hapo hapo penye jamvi lake. Akiisha kuisema amekwisha kuabudu, hata kama hajafika kanisani. Tatu, siku atakaporudi, mpeni nafasi ya kukaa, asiulizwe habari mbele za watu; na ninyi mnaoongoza sala msiziruke Zaburi za huzuni kwa sababu ya sikukuu, maana labda amekuja kwa ajili ya hizo.

Hata sisi walimu huchoka. Huenda mmoja wenu huongoza nyimbo kila Jumapili, na moyo wake umekauka, wala hana wa kumwambia. Ndugu, Zaburi hizi ni zako pia. Jioni, watu wakiisha kwenda zao, baki kidogo ndani ya kanisa, umsomee Mungu ile inayofanana na hali yako.

Mungu aliyesikia vilio vya wazee wetu na avisikie na vyetu, awarudishe walio mbali, atufanye sote kuwa mkutano mmoja, wenye kulia na wenye kuimba, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.