Mtoto na Majani ya Nyuma ya Nyumba

Huko Isansa wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe, mtoto wa miaka mitano hutumwa kuchuma mchaichai kama mwenzake wa mjini anavyotumwa dukani kununua chumvi. Anajua shina liko wapi. Anajua pia kwamba jani la mchaichai lina makali ukingoni, na ukilivuta kwa pupa litakukata kidole. Hulichuma taratibu, akalifunga fundo na kumpelekea bibi yake jikoni. Isansa ni nchi ya kahawa na ya baridi, na asubuhi ya mwezi Juni kikombe cha chai ya namna hiyo si anasa hata kidogo.

Nilipopita huko katika shughuli zangu za kutafuta habari, niliwaomba watoto wa nyumba niliyofikia wanionyeshe majani wanayoyajua. Wakaanza na mchaichai, kisha mpera, kivumbasi na mkaratusi. Mdogo kuliko wote akanipeleka hadi kwenye mmea wa tano, akasimama hatua mbili nyuma na kusema, "Huu haushikwi." Ulikuwa mbono. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu bila kusita: "Bibi kasema mbegu zake zinaua."

Bibi huyo alisema kweli. Mbegu za mbono ni nzuri kwa macho, zina madoadoa na zinang'aa kama shanga, na chache tu zikitafunwa zaweza kumwua mtoto. Mafuta ya mbono yanayotengenezwa kiwandani hayana sumu hiyo kwa sababu sumu hubaki kwenye mashudu. Mbono hauoti Isansa peke yake. Uko kandokando ya njia Tunduma na Mbeya, na uko majalalani Dar es Salaam, mahali ambapo watoto wetu huchezea mpira. Mnanaha nao uko papo hapo, wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la miiba. Anayekula mbegu zake hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, na huanza kuweweseka. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, unga wa uji wa msaada uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikutwa na sumu ya mbegu za mimea ya jamii hiyo. Watu zaidi ya 200 waliugua na baadhi yao walikufa.

Sasa nawauliza wazazi wa mjini: nani amemwonyesha mwanao mbono? Wengi wetu tunamwambia mtoto, "Acha majani hayo, ni uchafu," tukidhani tumemlinda. Hatukumtajia jina la mmea wala hatari yake, na kesho atazichuma mbegu zile zile atunge mkufu. Amri ya kutoshika chochote haidumu katika kichwa cha mtoto wa miaka minne. Kinachodumu ni jina, harufu na ladha.

Wapo wazazi wanaoogopa kwa sababu nyingine. Kwao mtu anayejua majani ni mganga, na kutoka kwa mganga hadi kwa mchawi si mbali. Hofu hiyo ina historia yake na siwezi kuimaliza kwa dakika chache nilizopewa. Nitakumbusha tu kwamba utafiti wa dawa za asili ulianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kitengo hicho kikawa taasisi kamili. Bunge letu nalo lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002. Kwa hiyo si jambo la kunong'onezana gizani, na mtoto akijua kivumbasi hajaingia kilingeni.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni jikoni, wala si kwenye magonjwa. Mfumbe mtoto macho umnusishe tangawizi, kisha kitunguu saumu, kisha nanaa, halafu mrehani, naye ataje. Mchezo huu hauna gharama, na watoto huupenda kupita kiasi (jihadhari na kitunguu saumu, wengine watakimbia). Mwonyeshe kivumbasi kinavyowekwa penye maharage ili kufukuza wadudu, na kinavyofukizwa jioni mbu wanapoanza nyimbo zao. Mwonjeshe shubiri kwa ncha ya ulimi, mara moja tu. Atakumbuka maisha yake yote kwa nini watu husema jambo fulani ni chungu kama shubiri, na wale walioachishwa ziwa kwa shubiri huenda wakakumbuka mengine!

Sharti mbili ziambatane na mafunzo hayo. Mtoto asichume wala asionje jani bila mtu mzima, hata jani analolijua. Na asichume shambani kwenye dawa. Wenzetu wa Mbozi wananielewa, kwani mkahawa hupigwa mrututu na dawa nyinginezo, na jani lililoota chini yake limepata fungu lake.

Hapo panakuja suala zito zaidi, nalo latuhusu sisi wakubwa. Mtoto akifundishwa kwamba majani ya mpera huchemshwa kwa ajili ya tumbo, afundishwe pia kwamba mtoto anayeharisha huuawa na ukosefu wa maji mwilini. Maji hayo hurudishwa kwa lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa zahanati. Akifundishwa kwamba mvuke wa mkaratusi hufungua pua, aambiwe pia kwamba sufuria ya maji ya moto ni ya mtu mzima, na mafuta ya mkaratusi hayanywewi, ni sumu. Mwarobaini umepewa jina la kutibu maradhi arobaini, lakini huko Asia mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Na mtoto mwenye homa hupimwa damu. Hangojei chungu kichemke.

Mwaka 2011 tuliona maelfu ya watu wakimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo waliojitoa hospitalini, na wapo waliofia kwenye foleni. Katika foleni ile walikuwamo pia watu wa mijini, waliosoma. Mtu aliyezoea majani tangu utoto anajua hili ni la chai, lile la kikohozi, na lile halina kazi. Asiyeyazoea huamini yote au hudharau yote. Naona hatari ni ile ile.

Hata kudharau kuna hasara yake. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria ina asili yake katika mmea ambao Wachina waliuandika vitabuni karne nyingi zilizopita. Mtafiti Tu Youyou alisoma maandiko hayo, akagundua kwamba kuchemsha kunaiharibu dawa hiyo, akaitoa kwa joto dogo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ujuzi wa bibi ulihitaji maabara, na maabara ilihitaji ujuzi wa bibi.

Nawaomba walimu wa madarasa ya awali jambo moja. Shule zetu zimekuwa na bustani tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na nyingi zina mchicha tu. Tengeni tuta moja la mchaichai, nanaa na mrehani, na kila mmea uwe na kibao chake. Mtoto atasoma neno "nanaa" huku akiwa nayo puani.

Na wewe uliyepanga ghorofani usiniambie huna shamba. Nunua sokoni mchaichai wenye kitako, usimamishe kwenye glasi ya maji dirishani, ubadilishe maji kila siku hadi utoe mizizi, kisha uhamishie kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Kazi ya kumwagilia mpe mtoto.