Tusiseme "Ni Uzee Tu"

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wastaafu wa reli, Othaya)



Reli ya Nanyuki hupita Karatina na Kiganjo, wala haifiki Othaya, lakini hapa kuna wazee wengi waliokula mshahara wa reli. Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Twataka kusema habari za moyo. Sisi si madaktari. Tumewauliza wenye ujuzi, nasi twawaletea waliyotufundisha.

Sababu ni hii. Tulikuwa na mzee wetu, nyapara wa gengi la njia, aliyestaafu akarudi nyumbani. Mwaka wa kwanza alipanda kutoka mtoni hadi barabarani bila kupumzika. Mwaka wa pili alipumzika mara tatu. Kisha miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, na usiku alilala ameegemea mito, maana akilala chali alikosa pumzi. Sisi tulisema, "Ni uzee tu." Yeye mwenyewe alisema hivyo. Alipofikishwa hospitali moyo ulikuwa umechoka mno, na hatukukaa naye siku nyingi. Kosa lilikuwa letu sote.

Ndugu, mvi ni uzee. Kukosa pumzi ni ugonjwa.

Kwanza ni presha ya damu. Waliofanya kazi siku za injini za mvuke wanaikumbuka geji ya boila. Hakuna dereva aliyengoja boila ipasuke ndipo aitazame geji. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu huchuma chai yake na kucheka, kumbe presha iko juu. Ikipimwa zaidi ya mara moja na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni kubwa. Ikiachwa miaka mingi, moyo huchoka kwa kusukuma, na mshipa wa ubongo waweza kupasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi.

Pili ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta hujijenga ndani yake, njia ikawa nyembamba. Mtu akipanda mlima kifua hubanwa, akisimama, huachiliwa. Hiyo ni ishara nyekundu, na mtu wa reli hapiti ishara nyekundu. Kifua kikiendelea kubana hata baada ya kupumzika, au kukiwa na jasho baridi, au maumivu ya mkono au taya, usingoje asubuhi. Tafuta gari saa ile ile. Wengine, hasa akina mama na wenye ugonjwa wa sukari, hawapati maumivu makali. Huona uchovu, kichefuchefu au pumzi fupi tu.

Tatu ni mapigo yasiyo na mpango. Weka vidole juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mapigo yaende kama magurudumu juu ya maungio ya reli. Yakirukaruka ovyo, nenda kwa daktari, kwa maana damu yaweza kuganda moyoni, na kipande kikaenda ubongoni. Kuna dawa ya kuzuia jambo hilo.

Nne ni moyo uliochoka, ndio ugonjwa wa nyapara wetu. Nao una dawa, na anayewahi kutibiwa aweza kuishi miaka.

Lakini adui mkubwa ni kuacha vidonge. Mzee husema, "Nimepona." Ndugu, yu mzima kwa sababu anameza. Nani hufungua bolti kwa kuwa reli imetulia? Na fedha zikipungua, usigawe kidonge kwa siri. Mwambie daktari, mwambie mwanao.

Chumvi nayo ipungue: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na iliyo ndani ya chakula. Sigara na ugoro tuviache. Kutembea ni kwema, kwa kadiri daktari anavyoruhusu.

Magonjwa haya si mageni kwetu. Serikali ilipoanza majaribio ya matibabu kwa wote mwezi wa Desemba 2018, Nyeri iliwekwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na sababu moja ya kuchaguliwa kwetu ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza.

Basi twaomba neno moja kwa kila mwanachama. Likizo ijayo, unapoleta sukari na mkate nyumbani, mchukue mzazi wako akapimwe presha. Zahanati zipo, na Hospitali ya Mwai Kibaki iko hapa hapa Othaya. Tazama pia kama ameandikishwa SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Na asiye na mtoto wa kumpeleka, jina lake lipewe tawi leo kabla hatujatawanyika. Tutampeleka sisi.

Tulimwacha nyapara wetu apande mlima peke yake. Tusimwache mwingine.