Kila Mstari na Sababu Yake: Kupanga Kihariri cha Vim kwa Kazi ya Programu



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga kihariri ili kazi ya kuandika msimbo iende upesi na makosa yapungue. Vihariri ni vingi. Nimechagua Vim kwa kuwa karibu kila seva ya Linux mtakayoingia ina Vim au mzee wake, vi, na kwa kuwa mipangilio yake hukaa katika faili moja la maandishi ya kawaida, .vimrc, ambalo mtu hulisoma lote, huliweka kwenye flashi na kuhama nalo. Msimamo wangu nautaja mapema: mstari ambao hujui kwa nini umo ndani ya faili hilo, uutoe.

Kwanza asili yake, maana inatugusa. Bill Joy aliandika vi huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, akitumia terminali ya ADM-3A. Kibodi ya terminali hiyo haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, na ndizo zinazosogeza kielekezi hadi leo. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alikuja Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya uhandisi wa maji na usafi katika mradi wa watoto, sehemu iliyoumizwa sana na UKIMWI. Ndiyo sababu Vim, ambayo haiuzwi, humwomba kila anayeitumia awachangie watoto wa Kibaale. Andikeni :help uganda mtayasoma maelezo yake. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huanza kwa kunakili .vimrc ya mtu mwingine, yenye mistari mia na zaidi, kisha wanahangaika nayo kwa miaka. Mimi nasema anzeni na faili tupu. Lakini hapo hapo pana mtego. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2016, Vim ikikuta huna .vimrc hupakia faili lake liitwalo defaults.vim, lenye rangi za msimbo, utambuzi wa aina za mafaili na mengine ya manufaa. Ukishaunda .vimrc yako, hata kama haina neno, faili hilo halipakiwi tena. Mwanafunzi anaongeza mstari mmoja, anafungua Vim, rangi zote zimetoweka, naye anaamini ameharibu kompyuta ya chuo. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe huu:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim

Ukiwa nao, mengi mnayoyanakili tayari mnayo. Chukueni Python. Mwongozo wa PEP 8 unataka nafasi nne kila msimbo unapoingia ndani ngazi moja, na Python 3 hukataa kuendesha faili lililochanganya Tab na nafasi kwa namna isiyoeleweka. Basi watu hujaza .vimrc zao kwa shiftwidth (upana wa kila ngazi) na expandtab (kugeuza Tab kuwa nafasi). Fungueni faili la Python kwanza, kisha muulize:

:verbose set shiftwidth?

Vim itajibu kwamba thamani ni 4, na itawatajia faili lililoiweka: python.vim, linalokuja na Vim yenyewe. Makefile nayo hudai Tab halisi, na Vim inalijua hilo. Faili lake la make huzima expandtab bila kuambiwa. Amri hii ya :verbose set naithamini kuliko orodha yoyote ya mipangilio bora. Inamwezesha mtu kuuliza kabla ya kuongeza, na kitu kikienda kombo inamwonyesha kilikotoka.

Ninachoongeza mwenyewe kwa ajili ya nafasi ni mstari mmoja tu, unaozifanya Tab na nafasi zilizosahauliwa mwishoni mwa mstari zionekane kwa macho:

set list listchars=tab:>-,trail:.

Mnapopokea msimbo kutoka kwa watu watatu wenye vihariri vitatu tofauti, mstari huu unamaliza ubishi.

Nikae kidogo kwenye jambo la umeme, kwa sababu hapa ndipo kunakili kunapotugharimu zaidi. Mipangilio mingi inayozunguka ina neno noswapfile. Aliyeliandika alichoshwa na mafaili yenye mkia wa .swp yanayojitokeza kwenye folda zake, na pengine anaishi mahali ambapo umeme haukatiki. Faili la .swp ndilo linalotuokoa sisi. Kwa mipangilio ya awali, Vim huandika humo mabadiliko yako kila unapofikisha herufi 200, au ukitulia kwa sekunde nne bila kugusa kibodi. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, ukirudi unaandika vim -r na jina la faili, na sehemu kubwa ya kazi yako inarudi. Faili hilo pia hukuonya pale mwenzako anapokuwa amelifungua faili lile lile kwenye seva mnayotumia pamoja. Kulizima ni kujivua kinga mbili kwa mpigo.

La pili katika mlango huu ni kumbukumbu ya kutengua. Kwa kawaida ukifunga faili, uwezo wa kurudi nyuma hatua kwa hatua unapotea. Mistari hii miwili inauhifadhi hata baada ya kuzima kompyuta:

set undofile
set undodir=~/.vim/undo

Folda hiyo muiunde wenyewe kwa mkdir -p ~/.vim/undo. Vim haitaiunda, na isipoikuta haitahifadhi kitu, wala haitapiga kelele.

Kwenye utafutaji, set ignorecase pamoja na set smartcase vinatosha: ukitafuta kwa herufi ndogo Vim haijali kubwa wala ndogo, ukiweka herufi kubwa inajali. Kwa usalama, ongezeni set nomodeline, inayolizuia faili mnalofungua lisijiwekee mipangilio yake ya Vim. Mwaka 2019 ilibainika kasoro iliyowezesha faili lililotungwa kwa hila kuendesha amri kwenye kompyuta ya mtu aliyelifungua tu katika Vim. Ilizibwa katika toleo la 8.1.1365, lakini seva zenye matoleo ya kale bado zinafanya kazi.

Namna ya kuongeza mstari ni hii. Kero ikijirudia, tafuteni dawa yake ndani ya :help, ambayo haihitaji intaneti wala bando. Ijaribuni kwa :set mkiwa kazini. Mkifunga Vim inaondoka yenyewe. Ikiwafaa kwa siku kadhaa, iandikeni kwenye .vimrc, na juu yake muweke alama " na sababu yake kwa Kiswahili. Programu-jalizi nazo zifuate utaratibu huo huo, tena baadaye sana. Siku Vim ikiwafanyia vituko, ifungueni kwa vim --clean: vituko vikikoma, chanzo kimo katika mipangilio yenu.

Walimu, ombi langu kwenu ni kwamba msiwagawie wanafunzi mafaili yenu ya .vimrc. Wafundisheni :help na :verbose set, kisha wapimeni kwa kuwauliza kila mstari wao unafanya nini. Na kabla hatujatoka humu leo, kila mwenye kompyuta afungue .vimrc yake atafute neno noswapfile. Akilikuta, alifute.